Kusomea ushauri wa vinasaba: maandalizi yanayoanza ukiwa bado kwenye shahada ya kwanza

Makala haya ni kwa wanafunzi wakimbizi na wanafunzi wa jamii wenyeji walio chuoni, au wanaokaribia kuingia chuoni, ambao wangependa siku moja kufanya kazi ya ushauri wa vinasaba. Kazi hii huhitaji shahada ya uzamili. Hata hivyo, mambo mengi yanayoamua kama utapokelewa kwenye uzamili huamuliwa mapema, ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili wa shahada ya kwanza, na wanafunzi wengi hugundua hilo wakiwa wameshahitimu.

Mshauri wa vinasaba hufanya nini?

Vinasaba ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama. Maelekezo hayo yakiwa na hitilafu, mtu anaweza kuugua, au anaweza kubaki mzima huku akimpa mtoto wake hitilafu hiyo. Mshauri wa vinasaba ni mtaalamu anayekaa na familia, kusikiliza historia ya ukoo, kueleza ugonjwa unavyorithiwa, kusaidia kuamua kama kipimo kinafaa, na kueleza majibu yakirudi. Mshauri wa vinasaba kwa kawaida si daktari, na kazi yake haifanyiki maabara. Anasimama katikati ya maabara na familia.

Chukua selimundu, ugonjwa ambao wengine huuita sikoseli na ndugu zetu wa Kongo huuita SS. Baba mzima, mama mzima, mtoto analia usiku kwa maumivu ya mifupa. Swali la kwanza nyumbani huwa: umetoka upande wa nani? Mama mkwe ana jibu lake, majirani wana lao, na mara nyingi mzigo humwangukia mke. Ukweli ni kwamba umetoka pande zote mbili. Kwa kawaida kila mzazi ana jeni moja nzuri na moja yenye hitilafu, hali inayoandikwa AS, naye haumwi. Mtoto akichukua ile yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia, anakuwa SS.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS, 2 kati ya 4 ya mtoto AS kama wao, na 1 kati ya 4 ya mtoto AA. Hapo ndipo watu wengi hukosea, hata waliosoma. Husema: "Tumeshampata mgonjwa mmoja, basi watatu wanaofuata watakuwa salama." Sivyo. Kila mimba ni kura mpya, na kura iliyopita haikumbukwi. Kumweleza jambo hilo mama aliyekuja na mtoto mgongoni, kwa lugha yake, bila kumtisha na bila kumlaumu, ni kazi yenye ujuzi wake.

Jambo moja huwashangaza wengi: mshauri haamrishi. Hasemi "msizae tena" wala "achaneni". Anaeleza, anauliza familia inathamini nini, kisha uamuzi unabaki kwao. Kwa watu waliozoea kliniki ambako mhudumu huamrisha na mgonjwa huitika, mtindo huu unaweza kuonekana kama udhaifu. Ukiusoma utaona kwamba ni mgumu kuliko kuamrisha.

Magonjwa mengine wanayoshughulikia ni pamoja na hemofilia, ugonjwa wa Down, na saratani za matiti na za utumbo zinazojirudia katika ukoo mmoja. Hushughulikia pia ualbino, ambao si ugonjwa wa kuambukiza wala laana, na ambao mara nyingi hurithiwa kwa njia ileile ya pande mbili. Wanawake wangapi wameachwa kwa kudhaniwa walizaa nje ya ndoa, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza hayo?

Kama fani yenye shahada yake, kazi hii ni changa. Programu ya kwanza ya uzamili ilianzishwa mwaka 1969 na Melissa Richter katika Sarah Lawrence College, jimbo la New York, Marekani.

Kwa nini inatuhusu sisi hapa

Nchini Uganda, utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia matone ya damu ya watoto wachanga yaliyokuwa yamekusanywa kwa ajili ya kipimo cha VVU. Ulikuta kwamba asilimia 13.3 ya watoto walikuwa AS na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Katika kundi la watoto 1,000, hao ni watoto 7 wenye ugonjwa na takriban 133 wanaoubeba bila kuumwa. Hao 133 watakua, watapenda, wataoa na kuolewa, na wengi hawatajua.

Sababu ya jeni hiyo kuwa nyingi katika ukanda wetu inajulikana, na kisa chake kinapita Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watu wa AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni imedumu mahali penye malaria. Dawa nayo ipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba haidroksiyurea inaweza kutumika kwa usalama kwa watoto wa Afrika wenye selimundu, na inapunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu na vifo. Tatizo linalobaki ni kuwafikia watu, kuwapima, na kuwaeleza kwa namna watakayoelewa.

Kuna sababu nyingine ambayo wakimbizi wanaijua kuliko mtu yeyote. Mwaka 2008 Marekani ilianza kwa majaribio, jijini Nairobi, kupima DNA za watu waliokuwa wakiomba kuunganishwa na familia kupitia mpango uitwao P-3. Mwaka huohuo mpango ukasimamishwa, na uliporejeshwa mwaka 2012, kipimo cha DNA kati ya mzazi na mtoto kilikuwa sharti. Tangu hapo neno DNA katika kambi nyingi limekuwa na harufu ya ofisi na ya kukataliwa. Mtoto aliyelelewa tangu vitani, ambaye hakuna aliyewahi kumwita wa kambo, anaonekana kwenye karatasi kuwa si wa damu. Atakayekuwa mshauri wa vinasaba katika jamii zetu ataingia chumba ambamo hofu hiyo imeshakaa kabla yake. Huo ni ujuzi ambao hautaupata kwenye kitabu cha New York au London, na ni mojawapo ya sababu zinazotufanya tuamini kwamba kazi hii inawahitaji watu waliotoka humu.

Uchague shahada gani ya kwanza?

Hakuna shahada moja inayodaiwa. Wanaopokelewa kwenye uzamili hutoka biolojia, jenetiki, biokemia, uuguzi, sayansi ya maabara ya tiba, na wengine saikolojia. Kinachoangaliwa ni masomo uliyopita, kisha alama zake.

Ushauri wetu kwa mkimbizi ni huu, na unaweza kuukataa: ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua uuguzi au sayansi ya maabara ya tiba kabla ya biolojia ya jumla. Uzamili wa ushauri wa vinasaba una nafasi chache sana, na huenda ukasubiri miaka. Muuguzi anaweza kuajiriwa wakati anasubiri, kwa masharti ya usajili na kibali cha kazi ya nchi aliyopo, tena atakuwa anakutana na wagonjwa. Aliyesoma biolojia ya jumla mara nyingi hujikuta amerudi kufundisha kwa posho. Lakini kama moyo wako uko kwenye jenetiki yenyewe, vyuo vipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina shahada ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia, na vyuo vikuu vikubwa vya Kenya na Uganda vina biokemia na bioteknolojia.

Jihadhari na jambo moja. Shahada nyingi zinazotolewa kwa mtandao ndani ya kambi ni nzuri kwa mambo mengine, ila hazina maabara. Shahada ya mawasiliano au ya usimamizi wa afya haitakufikisha kwenye uzamili huu peke yake. Usianze kabla ya kuuliza waziwazi: je, kuna kemia ya maabara? Je, kuna jenetiki?

Masomo yasiyo na mbadala

Programu nyingi hutaka uwe umesoma biolojia, kemia ya jumla na kemia ogania, biokemia, jenetiki, takwimu na saikolojia. Mwenye shahada ya sayansi huwa amekosa saikolojia. Mwenye saikolojia huwa amekosa kemia. Mwenye uuguzi mara nyingi amekosa jenetiki inayojitegemea, kwa kuwa ilifundishwa kama mada ndani ya somo jingine na haionekani kwenye transkripti.

Hili la transkripti ni dogo lakini limewaangusha wengi. Kamati ya chuo cha mbali haikujui. Inasoma jina la somo na alama, basi. Ukiwa mwaka wa pili, nenda kwa mkuu wa idara uulize kama unaweza kuongeza jenetiki, takwimu au saikolojia kama somo la hiari, lenye jina lake na alama yake. Vilevile hifadhi muhtasari wa kila somo, yaani ile karatasi ya mada ambayo mhadhiri hugawa siku ya kwanza na kila mtu huipoteza. Chuo cha nje kikiuliza "mlisoma nini hasa?", utakuwa na jibu.

Takwimu isikutishe. Ile hesabu ya 1 kati ya 4 hapo juu ni mlango wake. Walio mbali na maktaba wanaweza kutumia vituo vyenye masomo ya kusoma bila intaneti, kama yale madarasa ya Instant Network Schools ya UNHCR na Vodafone Foundation, yaliyoanza Dadaab mwaka 2013 na sasa yako katika kambi kadhaa za ukanda huu. Kwa Kiingereza, tovuti ya MedlinePlus Genetics hueleza magonjwa ya kurithi kwa lugha nyepesi na ni bure. GeneReviews ni nzito zaidi, nayo ni bure, na ni mojawapo ya rejea ambazo washauri wenyewe husoma.

Kuzungumza na watu: hapa una nafasi ambayo wengine hawana

Kamati za usaili haziulizi tu kama umefaulu kemia. Zinauliza: umewahi kukaa na mtu aliyepata habari mbaya? Ulifanya nini? Mwanafunzi wa jiji kubwa huko nje hutafuta nafasi hiyo kwa shida, akijitolea kupokea simu za watu wenye msongo. Wewe huenda umeshaifanya kazi hiyo miaka mitatu bila kuiita ushauri.

Kazi zinazohesabika ni zile za mhudumu wa afya ya jamii, ambaye Uganda huitwa VHT. Ni ushauri nasaha kabla na baada ya kipimo cha VVU, kusaidia walionusurika ukatili wa kijinsia, kazi ya afya ya akili, na kulea kikundi cha wazazi wenye watoto walemavu. Ukalimani nao unahesabika sana. Aliyesimama kati ya daktari na mama wa Kinyabwisha au Kibembe, akatafuta neno la kusema "figo zimeshindwa" bila kumuua mtu kabla ya siku yake, ameshagusa kiini cha kazi hii. Ualimu wa shule ya msingi hauhesabiki kwa uzito huo, ingawa si wa kutupa.

Mshauri wa VVU atagundua kwamba anajua tayari nusu ya mambo: usiri, ridhaa kabla ya kipimo, kumuuliza mtu anataka nani awepo majibu yanaposomwa, kukaa kimya mtu analia. Nusu anayopaswa kujifunza upya ni hii: jibu la vinasaba si la mtu mmoja. Likimhusu dada, linamhusu kaka na watoto wa shangazi pia. Je, unawaambia? Nani anawaambia? Na itakuwaje kama kipimo cha mtoto kimeonyesha jambo kuhusu baba ambalo mama hakulisema kamwe? Jitahidi kuyawazia maswali haya kabla ya usaili. Yataulizwa.

Tunza kumbukumbu. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, mahali, saa ngapi, kazi gani, nani alikuwa msimamizi, umejifunza nini. Usiandike jina la mteja hata mmoja, wala namba ya nyumba, wala kitu cha kumtambulisha.

Sasa kuhusu barua ya mapendekezo, tuseme wazi kwa kuwa tunafanya kazi humu. Mikataba ya wafanyakazi wa mashirika ni mifupi. Msimamizi anayekusifu leo anaweza kuwa nchi nyingine baada ya miezi sita, na anuani yake ya kazini ikafungwa siku anayoondoka. Shirika nalo linaweza kufunga mradi fedha zikikatika. Kwa hiyo usisubiri mwaka wa kuomba. Omba barua wakati kazi ikiwa bado mbichi, iwe na nembo, sahihi na tarehe, kisha umwombe msimamizi anuani yake binafsi ili akuandikie mpya baadaye. Wafanyakazi wa insentivu mna haki hiyo sawa na wenye mikataba. Kazi yako ilikuwa kazi.

Kama kliniki ya selimundu ipo karibu, omba kwa maandishi kuketi pembeni na kuangalia, kwa ruhusa ya kliniki na ya mgonjwa mwenyewe. Hata siku tano tu zitakupa cha kusema ambacho hakitoki kwenye intaneti.

Jifunze kuchora ukoo

Chombo cha kwanza cha mshauri ni kalamu. Huchora ukoo wa vizazi vitatu. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mistari huunganisha wazazi na watoto. Anayeumwa hutiwa wino ndani. Aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari. Ndoa ya watu wa damu moja huunganishwa kwa mistari miwili sambamba. Ni lugha inayosomeka Accra sawasawa na Chicago, na unaweza kuijua ndani ya wiki mbili.

Anza na familia yako. Utakapofika kwa waliopotea njiani, utaona kitu ambacho vitabu vingi havikukigusa. Mjomba ambaye hakuna anayejua kama yu hai humkati kwa mstari. Unaacha alama yake wazi na kuweka alama ya kuuliza. Ukimhoji mtu mwingine kwa mazoezi, mweleze kwanza kwamba anaweza kuruka jina lolote. Swali "una ndugu wangapi?" ni jepesi Nairobi mjini. Kwa mtu aliyetoka Ituri au Kivu linaweza kumvunja. Wanaouliza vizuri husema, "Niambie kuhusu wale ungependa niwajue," kisha wanangoja.

Uzamili unasomwa wapi?

Kwa Afrika, vyuo viwili vya Afrika Kusini ndivyo vyenye uzoefu wa miaka mingi: Chuo Kikuu cha Cape Town na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Huchukua wanafunzi wachache sana, na baada ya masomo na mafunzo kwa vitendo mhitimu hujisajili na baraza la taaluma za afya la nchi hiyo, HPCSA. Chuo Kikuu cha Ghana nacho kina uzamili wa fani hii kupitia kituo chake cha WAGMC, ambacho kimejikita kwenye selimundu na magonjwa mengine ya kurithi. Kwa mtu wa ukanda wetu, mkazo huo una maana.

Angalia hesabu ya miaka. Afrika Kusini, anayeingia uzamili kwa kawaida awe na shahada ya miaka 3 pamoja na mwaka wa nne wa onazi, au shahada ya miaka 4. Shahada nyingi za sayansi za Kenya ni miaka 4. Za Uganda na Tanzania mara nyingi ni miaka 3. Aliyesoma Makerere au Dar es Salaam asishangae akiambiwa aongeze mwaka mmoja. Waliosoma Kongo kwa mfumo wa zamani, miaka 3 ya graduat na 2 ya licence, wako mahali pazuri, mradi wana karatasi za hatua zote mbili. Vyeti vya nje hupitia tathmini ya SAQA, na tathmini huchukua muda.

Mliosoma kwa Kifaransa, msidhani mlango wenu ni Kiingereza tu. Ufaransa iliitambua kazi hii kisheria mwaka 2004, na Chuo Kikuu cha Aix-Marseille kikaanzisha masomo yake mwaka huo. Nchini Kanada, Université de Montréal hufundisha uzamili wa ushauri wa vinasaba kwa Kifaransa. Kifaransa cha Bukavu au Bujumbura ulichokiweka pembeni tangu uvuke mpaka ni mali. Usikiache kikauke.

Marekani na Kanada kwa pamoja zina zaidi ya programu 50 zenye ithibati ya ACGC, za takriban miaka miwili. Maombi mengi hufungwa kati ya Novemba na Januari. Usaili hufuata, halafu waombaji na vyuo huorodhesha wanaowataka katika mfumo mmoja wa kuoanisha, ulioanza kutumika mwaka 2018, na majibu hutoka Aprili. Programu nyingi zimeacha kudai mtihani wa GRE. Ada, hata hivyo, ni makumi ya maelfu ya dola, na misaada kwa mgeni ni haba. Hatumkatazi mtu. Ila mwenye bahati ya kuhamishiwa nchi ya tatu akiwa na shahada ya sayansi mkononi yuko kwenye nafasi tofauti kabisa, kwa sababu huko ataomba kama mkaazi. Wengi hufika na kuambiwa waanze upya kama wahudumu wa wazee. Wenye transkripti zilizopangwa wana la kujibu.

Maelezo binafsi

Karibu kila chuo hudai insha fupi ya kwa nini unataka kazi hii. Usiuze mateso. Wasomaji wa insha hizo wanajua kwamba mkimbizi amepitia mengi, na ukurasa mzima wa vita hauwaambii kama unaweza kukaa na mama mwenye mimba ya wiki 20 na majibu asiyoyataka. Waambie kuhusu mtu mmoja uliyemhudumia, ulichokisema, ulichojizuia kusema. Kama unaandika kuhusu ndugu yako mgonjwa, mwombe ruhusa kwanza. Kutunza siri yake ndiko kutunza siri kwa mara ya kwanza katika kazi hii.

Fedha za masomo

Kwa shahada ya kwanza katika nchi ya hifadhi, mpango mkubwa kwa wakimbizi ni DAFI, unaosimamiwa na UNHCR kwa fedha za serikali ya Ujerumani na wafadhili wengine tangu mwaka 1992. WUSC ya Kanada, kupitia mpango wake wa wanafunzi wakimbizi ulioanza mwaka 1978, huchukua vijana wa shahada ya kwanza kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na wanaofika Kanada hupata ukaazi wa kudumu. Mkimbizi anayesoma biolojia Kanada kwa njia hiyo yuko karibu na programu za kule kuliko yeyote kati yetu. Kwa uzamili, Mastercard Foundation hufadhili wanafunzi katika vyuo kadhaa, Cape Town kikiwemo. Uliza chuo chenyewe kama ufadhili huo unagusa kozi unayoitaka. UNICORE ya Italia huchukua wakimbizi kwa uzamili pia, lakini utasoma biolojia au bioteknolojia, si ushauri wenyewe.

Nafasi hizi hupungua fedha za misaada zikipungua. Matangazo hutoka mara moja kwa mwaka, na dirisha linaweza kuwa wiki chache tu. Kwa wanafunzi wa jamii wenyeji, milango ya DAFI na WUSC haiwahusu, lakini mikopo ya serikali, ruzuku za kaunti na nafasi za Mastercard Foundation zinawahusu.

Karatasi

Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na KNEC nchini Kenya, UNEB nchini Uganda na NECTA nchini Tanzania. Mwenye diplomu ya serikali ya Kongo, yaani D6, ya mchepuo wa biokemia ana msingi mzuri wa kuingia sayansi, lakini bila barua ya ulinganisho chuo hakitampokea. Ifanye kazi hiyo mapema, na kwa waliopoteza vyeti njiani, zungumza na ofisi ya elimu ya shirika lililo karibu nawe kabla ya kulipa mtu yeyote.

Hati ya kusafiria ya mkimbizi huombwa kupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi (DRS) nchini Kenya, na Uganda maombi huanzia Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Inaweza kuchukua miezi mingi. Anayesubiri barua ya chuo ndipo aanze kuiomba huchelewa muhula. Kwa wanaoishi kambi zinazodai kibali cha kutoka, hesabu pia siku za kibali cha kwenda kwenye mtihani wa lugha au usaili wa viza mjini, na umwambie mapema afisa wa elimu tarehe zako.

Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure, pamoja na fomu za ufadhili. Mtu akikuomba pesa ili jina lako "lipelekwe mbele", usilipe. Toa taarifa kwenye dawati la malalamiko au sanduku la maoni lililo karibu nawe. Si lazima uandike jina lako.